Maua ya Njano Kwenye Glasi

Baba watoto,

Simu yako umeiacha kitandani, ndiyo maana naandika. Chakula kiko kwenye sufuria, pasha tu. Madirisha ya mbele usifungue. Binti yetu mkubwa akitoka shule apitie mlango wa nyuma, asikanyage nyasi.

Nampeleka kitindamimba wetu hospitali, teksi iko njiani. Anapumua, ila kifua kinambana na macho yamevimba. Nilikuwa naosha vyombo, kumbe katoka pekupeku. Kajigaragaza kwenye nyasi ulizopiga dawa jana jioni, kisha kang'oa vile vibendera vya njano vya onyo ulivyochomeka humo na kuniletea. "Mama, maua!"

Wiki nzima tumebishana. Ukasema majirani wote wanapiga, magugu yanatutia aibu, dawa ikikauka haina neno, na anayepita ataona vibendera. Nikakwambia sumu ni sumu, ukanicheka. Vimeandikwa "Usikanyage", mume wangu. Mwanao hajui kusoma.

~~Usije huko, sitaki kukuona.~~ Njoo. Lete sweta lake la bluu na lile kopo la dawa ya magugu, daktari atataka kujua ni sumu gani. Vaa glavu, bwana nyasi.

Vibendera viko hapo mezani, kwenye glasi. Alivitilia maji mwenyewe kabla kikohozi hakijamshika. Sasa hivi, hapa mapajani kwangu, ananiuliza vitachanua lini.

Hilo utamjibu wewe.

Mama watoto