Niliizidisha Oili, Akalaumiwa Mjomba

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisamehe kwa mwandiko huu wa penseli, naandika nikiwa maktaba ya shule wakati wa mapumziko na kalamu yangu imeisha wino. Mimi ni binti wa kidato cha tatu, sina marafiki wengi, napenda kusoma kila chenye maandishi, hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa, na ndiyo maana nilisoma kitabu cha maelekezo cha gari la baba, ambacho baba mwenyewe hajawahi kukifungua kwa sababu anasema gari husikilizwa, halisomwi. Gari lenyewe ni la zamani, mlango mmoja hufunguka kwa nje tu, lakini baba hulipenda na hutuambia kila siku kwamba ukilitunza gari litakuzika wewe.

Wiki tatu zilizopita mjomba wangu, ambaye ni fundi gari na mdogo wake mama, alilifanyia servisi, na galoni yenye oili iliyobaki akaiacha kwenye buti. Siku iliyofuata, Jumapili asubuhi, baba akiwa bado amelala, nilitaka kumfanyia jambo jema bila yeye kujua, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena kama kitabu kinavyosema, nikaona oili iko chini ya alama ya chini, basi nikakunja karatasi ya daftari la hesabu nikaifanya mrija, nikamimina, nikapima, bado, nikamimina tena, mpaka galoni ikawa tupu. Ukurasa uliotangulia ulisema gari lipimwe likiwa mahali tambarare, na letu hulala kwenye mteremko mbele ya nyumba, pua juu, kwa hiyo kijiti kilinidanganya. Ukurasa huo niliuruka. Mimi, niliyezoea kuwacheka wenzangu wanaoruka kurasa.

Kesho yake baba alikuwa ananipeleka shule, gari likaanza kutoa moshi wa buluu hadi watu wakasimama kutazama, tukavutwa na gari jingine mpaka gereji kwa mjomba. Mbele ya wateja watatu baba akasema, "Shemeji, wewe ni fundi au mpishi? Umenimiminia oili kama unakaanga samaki!" Mjomba akapima, akafungua buti, akaitazama ile galoni tupu, akasema tu, "Niachie mpaka jioni, shemeji." Baba akajibu, "Na iwe mara ya mwisho."

Nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja gereji, roho mkononi, nikidhani nimeua injini. Kabla sijafungua mdomo mjomba akatoa mfukoni karatasi iliyoloa oili. "Profesa," ndivyo anavyoniita, "hii nimeiokota chini ya boneti. Hizi pembetatu si zangu, mimi niliacha shule kabla hazijafika." Nililia, mshauri, nililia mpaka nikapata kwikwi, naye akacheka, akasema injini ni nzima kabisa, ametoa oili iliyozidi, amesafisha plagi, yamekwisha. Sijawahi kuhisi wepesi kama ule. Nikasema nitamwambia baba. Akakataa. "Nyamaza. Akijua ni wewe hutagusa boneti tena, na mkono wako ni mzuri. Fundi kulaumiwa ni sehemu ya kazi. Niahidi." Nikaahidi.

Basi nimenyamaza, na gari linatembea vizuri, na kila likiwaka nashusha pumzi, lakini baba amehamia gereji nyingine, amewaambia wenzake kazini wasimpelekee mjomba magari yao na wawili wameshahamisha yao, mjomba haji tena kwetu Jumapili, na mama anapiga pasi bila kuimba. Jana nilimsikia akisema, "Lakini huyo ni mdogo wangu," na baba akajibu, "Na hilo ni gari langu." Je, nivunje ahadi? Baba hanipigi, ila akiinua sauti tu maneno hunikimbia.

Profesa

JIBU

Profesa,

Pumua kwanza. Injini haikufa, hakuna aliyeumia, na kuzidisha oili hata madereva wa miaka ishirini huzidisha. Nimemsomea barua yako fundi wangu, akacheka sana, akauliza kama unatafuta kibarua wakati wa likizo. Hilo la injini tulifunge.

Sasa lete sikio nilivute. Wiki tatu! Mjomba wako ana moyo wa dhahabu, lakini alitoa ambacho si chake peke yake. Mabega ya kubebea lawama ni yake, sawa. Je, Jumapili za mama yako bila mdogo wake? Mama yako nani alimuuliza? Ahadi inayomnyima mtu wa tatu haki yake haina nguvu. Usimwombe mjomba ruhusa ya kuivunja. Pitia gereji umwambie, "Mjomba, namwambia baba Jumamosi," kisha uondoke kabla hajaanza kukubembeleza.

Na baba yako? Mtu anayevumilia mlango wa kufunguliwa kwa nje ana subira kuliko unavyomdhania. Jumamosi asubuhi, akiwa anaosha gari lake, simama mbele yake useme: "Baba, oili niliizidisha mimi. Mjomba hakukosea." Usianze na kitabu, wala ukurasa, wala nia yako njema, hayo atayauliza mwenyewe. Ukihofia maneno yatakukimbia, yaandike umsomee, kusoma si unajua? Atapaza sauti. Mwache apaze. Akimaliza, mwombe jambo moja: jina la mjomba lilichafuliwa mbele ya wateja, basi akalisafishe palepale, mbele ya wateja, kwa mdomo uleule. Na wale wenzake wa kazini awaambie mwenyewe.

Ule wepesi ulioupata gereji ulikuwa nusu tu, maana mzigo ulihamia kwa mwingine. Jumamosi utapata uliobaki.

Sentensi mbili, mwanangu. Na ukishazisema usikimbilie chumbani. Kaa hapohapo, shika kitambaa, mmalize kuosha gari pamoja.