Mstari wa Buluu wa Sekunde Sita

Nerima, Tokyo
Tarehe 14 Novemba 1982

Mpendwa Dada Fusae,

Barua yako ilifika Jumanne, imelowa pembe moja kwa mvua, lakini kila neno lilisomeka. Hamjambo huko São Paulo? Shemeji Shigeki mgongo bado unamsumbua, au hatimaye amekubali kuacha kubeba makreti ya mboga peke yake? Na mwanao Eiji, kikohozi kimeisha? Mpe tangawizi na asali, wala usimsikilize akikataa.

Sisi hatujambo. Mama, shangazi yako, magoti yanamuuma kila baridi ikianza, ila ulimi wake haujapatwa na ugonjwa wowote. Jana alinipandisha ngazi nimtundikie matunda ya kaki chini ya paa yakauke, naye akasimama chini akinikosoa hadi tunda la mwisho. "Marehemu mjomba wako aliyapanga vizuri," aliniambia. "Wewe kutwa unachora meli za angani, lakini kamba moja iliyonyooka huiwezi." Alikuwa akinitania tu. Nilishuka, nikajifanya nimechoka.

Mwezi wa tisa tulikwenda kuliosha kaburi la Mjomba, baba yako. Tulimwekea kikombe cha sake na mkate wa maharage matamu aliokatazwa na daktari. Tulikuta mtu tusiyemjua ameacha pale meli ndogo ya plastiki, ile meli kuukuu ya nahodha aliyemwigiza kwa sauti kwenye katuni, imegundishwa vizuri na kupakwa rangi. Mama alitaka kuitoa, akisema kaburi si duka la vitu vya kuchezea. Nilimwomba aiache.

Sasa nije kwenye jambo lako, maana nimelizunguka vya kutosha.

Uliandika kwamba filamu yetu ya katuni imefika kwenu, kwamba rafiki yako Marta alikupeleka ukumbini mtaa wa Liberdade mkakaa safu ya tatu, na kwamba ulikuwa hujaisikia sauti ya baba yako kwa miaka ishirini na mitatu. Kisha ikaja ile sehemu nahodha mzee anapobaki peke yake kwenye meli inayoungua, anamwambia binti yake aliye kwenye meli mpya, "Nenda, mwanangu. Usigeuke nyuma," halafu ananyamaza, anaangalia tu. Watu wote ukumbini walilia, nawe ukatoka nje. "Hata kwenye sinema," uliandika, "alinikatia maneno palepale aliponikatia Yokohama."

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa bado na viatu mlangoni, nikakaa pale pale sakafuni. Mke wangu Nobuko alidhani kuna msiba.

Bandarini Yokohama siku ulipohama nilikuwepo, Dada, nikiwa na miaka kumi na minne. Nakumbuka ulivyosimama juu melini umeshika utepe wako wa karatasi, na Mjomba chini ameshika ncha ya pili, katikati ya mamia ya tepe za watu wengine. Alisema, "Nenda." Wewe ukamngoja aendelee. Meli ikapiga honi, utepe ukakatika, naye akabaki na kipande mkononi mpaka tulipopanda treni. Mtu aliyeishi kwa sauti yake redioni, siku hiyo aliikosa. Wewe uliondoka ukiamini alikuwa na hasira juu ya ndoa yako, na sikulaumu, maana sisi pia tuliamini hivyo.

Lakini kwenye filamu hakunyamaza yeye. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Mwongozaji hajui, Mama hajui, na Nobuko amejua juzi tu. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu miezi sita.

Acha nikueleze kazi yetu kidogo, la sivyo hutaelewa. Katuni ile ya zamani ya televisheni ilikuwa imechosha, na wakubwa walitaka kuanza nyingine yenye nahodha kijana. Hivyo ikatengenezwa filamu ya kuziunganisha: mzee awakabidhi vijana safari, kisha abaki nyuma kuzuia adui. Mimi nilikuwa upande wa vijana, nalisema wazi. Nahodha wa Mjomba nilimwona mzito, anaongea mno, na nilitaka kuchora ile meli mpya.

Baba yako alijua, akanitania. Alikuwa akienda kununua tofu anaagiza kwa sauti ya nahodha, watoto wenye baiskeli wanasimama wima kumpigia saluti, naye ananigeukia, akilifupisha jina langu kama kawaida yake: "Kuni, hawa wakikua ndio utawatupa nje ya meli, au utaanza na mimi?" Nilikuwa nikicheka. Nilimpenda sana mzee yule, Fusae, na bado nilikuwa na haraka ya kumaliza naye.

Sehemu ile ya kuagana nilipewa mimi niichore. Niliiahirisha wiki mbili nikihangaika na mapezi ya meli mpya, ambayo ukweli hakuna aliyeyatazama. Siku ya kurekodi sauti ikafika picha hazipo. Kwetu hilo ni la kawaida: pakikosekana picha, waigizaji huonyeshwa skrini nyeupe yenye mistari ya rangi. Kila mtu na rangi yake. Mstari wako ukitokea unaongea, ukitoweka umemaliza. Mjomba alipewa buluu.

Asubuhi hiyo msaidizi wa mwongozaji alinipigia simu kuuliza mstari wa nahodha uwe wa muda gani. Nilichukua karatasi ya muda mezani, nikasoma, nikamwambia sekunde sita. Sasa karatasi hizo, moja huishia sekunde sita. Kauli ikiwa ndefu kuliko hapo, inaendelea kwenye karatasi ya pili. Mtoto wa wiki ya kwanza kazini anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo, nami nina miaka kumi na tano kazini. Karatasi ya pili ilikuwa chini ya bakuli langu la tambi.

Mchana nilikwenda studio, nikakaa kwenye chumba cha kioo pamoja na mwongozaji na fundi wa sauti, Mzee Iwakiri. Kwanza hufanywa jaribio, kisha ndiyo wanarekodi kwa kweli. Kwenye jaribio mstari wa buluu ulitokea, Mjomba akasema maneno yake, mstari ukaisha, naye akaendelea kuongea kwenye weupe mtupu. Mwongozaji alinitazama, maana mimi ndiye mwenye picha. Nilibonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mjomba, mstari umeisha."

"Nimeona," alisema. "Kuni, huu si mfupi? Maneno niliyopewa ni mengi kuliko huu."

"Ndivyo muda ulivyo. Sema haraka kidogo."

"Mtu anayekufa hana haraka."

Waigizaji wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwongozaji alikuwa akitazama saa, na niliona nahodha mzee ananiaibisha kazini. Nikamwambia, "Basi kata maneno ya mwisho, Mjomba. Yanatosha." Niliachia kitufe, nikainama kutafuta kalamu.

Wakarekodi. Alisema, "Nenda, mwanangu. Usigeuke nyuma," mstari ukaisha, naye akafunga mdomo ndani ya muda kama fundi alivyo. Sekunde sita kamili.

Baada ya siku tisa nililiinua lile bakuli kwenda kuliosha. Karatasi ilikuwa imenata chini yake. Zilikuwa zimebaki sekunde tatu.

Maji yalikuwa hayajamwagika yote, na hapa ndipo pananiuma kuliko karatasi. Mjomba alikuwa ameshalazwa, tumbo linatoka damu, lakini alikuwa akiongea, akiwachekesha wauguzi. Ningeweza kwenda na kinasa sauti kidogo hata siku hiyo hiyo. Sekunde tatu tu, kitandani, amelala. Lakini ingebidi niseme nimekosea, mbele ya mwongozaji, mimi niliyemwambia mzee akate. Nikajiambia nimalize kwanza picha za meli. Nikajiambia atatoka. Nilipokwenda siku ya nne walikuwa wameshampitisha mpira kooni. Alinishika mkono tu. Baada ya siku sita akafariki.

Nilikuwa nimeshamchora nahodha akiongea kwa sekunde zote tisa. Siku ya tatu baada ya maziko nilizitoa zile picha za mwisho, ishirini na nne, nikafuta midomo yote kwa kifutio na kuichora upya imefumba. Mama alimfumba baba yako macho hospitalini, kwa heshima. Mimi nilimfumba mdomo mezani, mara ishirini na nne, ili kosa langu lisionekane.

Filamu ikatoka mwezi wa saba. Jarida moja likaandika kwamba ukimya ule ni ujasiri wa mchoraji. Mwongozaji alinipiga bega, akaniambia yeye asingethubutu. Nikainama, nikashukuru. Kwa ukimya huo nimepewa kusimamia michoro ya katuni mpya, na kila wiki namchora nahodha kijana akipita chini ya picha ya baba yako iliyotundikwa ukutani melini. Mshahara umepanda na Nobuko amepata jokofu jipya. Kila likianza kunguruma nakumbuka.

Ningekaa kimya mpaka nife, nakwambia ukweli. Barua yako ndiyo iliyonitoa. Watu wote waliusifu ule ukimya, na mtu mmoja tu duniani uliyemuumiza ni wewe.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mzee Iwakiri. Kanda za majaribio hufutwa ili zitumike tena, lakini nilimuuliza hata hivyo. Akaniangalia sana. "Ile sikuifuta," alisema. "Mara tatu niliitia mtamboni niifute, mkono ukakataa." Alininakilia kwenye kaseti, nami nimeifunga pamoja na barua hii, ndani ya soksi ya sufu. Soksi ni ya Eiji. Ya pili utaikuta chini ya bahasha.

Maneno yaliyokatwa ni haya, na usidhani Mjomba aliyatunga, yameandikwa na mwandishi wa filamu ambaye hakujua lolote juu ya Yokohama: "Siku ile sikuwa na hasira. Nilikosa tu la kusema." Kwenye kaseti utamsikia akiyasema yote, polepole, baada ya mstari kuisha. Mama anasema alikuwa akiyarudia bafuni wiki nzima kabla ya kurekodi, naye Mama alidhani Mjomba amepatana na mtu.

Mara baada ya hapo utasikia sauti yangu ikimwambia mstari umeisha, na ubishi wetu wote, hadi namwambia akate. Si sauti nzuri. Nina mkasi, nina gundi ya kanda, na ninajua kukata pasijulikane. Nilikaa na mkasi huo jioni nzima ili nikutumie baba yako peke yake, bila mimi.

Sikukata, kwa sababu kanda haiishii pale nilipoachia kitufe. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kalamu, sikusikia, na miezi sita nimeishi bila kujua. Baada ya mimi kumwambia "yanatosha", baba yako anasema, "Haya." Karatasi zinagusana. Kisha anasema taratibu, si kwa sauti ya nahodha, ni ile yake ya nyumbani: "Fusae, nisamehe. Mara ya pili hii."

Usiisikilize peke yako. Mwache Shemeji Shigeki akae karibu.

Nisalimie Marta, mwambie ahsante kwa kukupeleka. Msalimie Eiji na Shemeji. Nobuko anakusalimu sana, na shangazi yako anasema ukija atakupandisha wewe ngazini mwakani. Mwezi wa sita ni mwaka mmoja wa baba yako. Nauli nitatafuta mimi, na bandarini nitakuja, hata kama ni kupigwa makofi mbele za watu.

Mbingu zikulinde wewe na nyumba yako, na usingizi wako urudi.

Mdogo wako akupendaye, hata kama leo huwezi kumpenda,

Kunio