Dashibodi Namba Kumi na Saba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama wewe na shangazi, na kwamba mguu wake umepungua kuvimba. Mimi ni mzima kwa kiasi cha kumwambia mtu sijambo asiulize zaidi. Kula nakula, kazini nakwenda, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha. Jumapili nilipita nyumbani kwako. Paa la jikoni bado linavuja palepale, nikaweka ndoo.

Najua nimechelewa kukujibu wiki tano nzima. Ulinipa kazi moja tu: niende kwenye uwanja wa polisi, nilitazame lile gari kwa macho ya fundi, kisha nikwambie kama mumeo anasema kweli. Uliandika kwamba kama taa ya breki iliwaka naye akaipuuza huku amempakia Chiriku wetu, hutakanyaga tena kwenye nyumba ile. Na kama haikuwaka, utarudi mkamlilie mtoto wenu pamoja. Dada, jibu ninalo tangu siku ile niliyokwenda. Nilichokosa ni uso wa kukuandikia.

Niache nieleze kwa mpangilio, maana nikiruka nitakimbia katikati.

Unajua mwezi wa ukaguzi unavyokuwa. Mtu anaendesha gari mwaka mzima, dashibodi inawaka kama nyumba ya harusi, wala halimnyimi usingizi. Ikibaki wiki moja gari likakaguliwe, ndipo anakumbuka kwamba ana gari bovu, anakuja mbio roho mkononi kana kwamba ubovu umeanza jana. Mtaa wetu una gereji sita na fundi umeme mmoja, ambaye ni mimi. Kwa hiyo wenzangu hawaniletei magari, wananiletea dashibodi. Wanaifungua garini, wanaiandika namba ya foleni ya siku hiyo kwa chaki mgongoni, wanabandika kikaratasi cha kusema taa ipi inasumbua, wananiachia mezani. Nikimaliza naiweka upande wa kulia, wanachukua. Gari silioni, mwenye gari simwoni. Nilikuwa najisifia utaratibu huo. Nilisema unaniokoa na porojo za wateja.

Na kusumbua kwenyewe tulikuwa na maana moja. Taa ikisumbua, inanyamazishwa. Ila mkaguzi naye si mjinga. Akiwasha swichi anataka kuona taa zote ziwake kwanza, kisha zizime injini ikishaanza kuunguruma. Ukichomoa balbu amekukamata. Mimi nilichofanya ni kuiunganisha ile taa korofi na taa ya oili kwa kipande cha waya kisichozidi kucha. Ya oili ikiwaka, nayo inawaka. Ya oili ikizima, nayo inazima, na baada ya hapo haitamwambia dereva chochote hata gari likatike vipande viwili. Mkaguzi anaridhika, gari linapewa stika. Mafundi waliniita Daktari wa Usingizi, nami kwa ujinga wangu nikaona nimepewa cheo.

Sasa sikiliza. Mumeo alikuja kwangu kwanza. Labda alikwambia, labda katika msiba ule halikusikika. Alikuja Jumatatu asubuhi, taa tatu zinawaka: ya injini, ya mkanda na ya mafuta ya breki, ambayo kwenye gari lenu imekaa peke yake, mbali na ya handibreki. Akasema anataka hiyo ya breki itafutiwe sababu na itengenezwe, asije mtu akamzimia tu. Alisema mara mbili, unamjua kwa kurudia maneno. Mimi nilikuwa na dashibodi kumi na tisa mbele yangu na sikuinuka hata kwenye kiti. Nilimwelekeza gerejini kwa Mzee Spana, pale kwenye kona, nikamwambia kule atahudumiwa haraka. Alinishukuru, akanipa salamu zako, akaenda.

Gari likakaguliwa Alhamisi, likapita. Jumatatu iliyofuata, kwenye mteremko wa shule, yakatokea yaliyotokea.

Nilipokwenda uwanja wa polisi, askari aliyenipokea alikuwa mpole. Alinionyesha gari, akasogea kivulini kuzungumza na simu. Niliingia chini kwanza. Bomba la breki la nyuma limeviringishwa utepe wa mpira, na chini ya utepe limechanika. Kazi ya Mzee Spana hiyo: bomba jipya halikupatikana kabla ya Alhamisi, basi akaliviringa, akajaza mafuta, akaomba Mungu. Naye kule polisi aliapa kwamba gari lilitoka kwake zima. Nikamlaani, dada. Nilimlaani kwa sauti nikiwa nimelala chali kwenye vumbi.

Kisha nikakaa kiti cha dereva, nikaitoa dashibodi. Nyuma yake palikuwa na namba kumi na saba kwa chaki. Na pale kwenye taa ya oili palikuwa na kipande cha waya, kimefungwa kwa uzi wa kijani na kupakwa gundi.

Mafundi wengine hufunga kwa utepe. Utepe hubanduka kwa joto, kwa hiyo mimi hufunga kwa uzi kutoka kwenye kopo la kushonea la marehemu mama, lile ulilonikabidhi wewe mwenyewe. Hakuna fundi mwingine anayefunga waya kwa uzi wa mama yetu.

Mimi ndiye niliyeizima taa ile. Nilimfukuza mumeo mlangoni kwangu kwa adabu, na siku iliyofuata gari lake likanifikia mezani kupitia mlango wa nyuma, nami sikuuliza ni la nani.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini niliukata ule waya. Niliutia mfukoni, nikafuta chaki kwa mate na kidole gumba. Nikamwambia askari kwamba dashibodi imeharibika mno, haiwezekani kujua. Aliandika, nikasaini. Nilipofika kwangu nilitupa waya chooni, nikanawa mikono kama mtu aliyetoka kula. Gari lenyewe wiki mbili baadaye liliuzwa chuma chakavu.

Hiyo Jumapili nilikwenda kumwambia mumeo. Amekonda, dada, shati limekuwa la mtu mwingine. Kabla sijafungua mdomo alinieleza kwamba ameshabadilisha maelezo yake. Amesema ameulizwa na polisi, na ndugu zake, na wewe, mpaka akaanza kuiona taa yenyewe. Sasa akifumba macho anaiona, nyekundu, na Chiriku anaongea kiti cha nyuma. Ameandika kwamba iliwaka na hakuijali, amesaini. Hukumu ni tarehe ishirini.

Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Nilimwapia kwa kaburi la mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega, akaniambia siku zote nimekuwa shemeji mwenye huruma, ila nisijichafue kwa ajili yake, mtoto hatarudi. Kisha akaenda kunichemshia chai. Niliinywa. Sikujua la kufanya zaidi.

Juzi nilirudi polisi. Yule askari mpole alinisomea saini yangu na maneno yangu, akaniuliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia uko chooni. Hakucheka. Alisema familia nyingi hufanya hivi hukumu ikikaribia, na Mzee Spana ameshasema hajawahi kuniletea kitu. Akanishauri nikapumzike.

Nimefunga meza yangu. Haimsaidii mtu, najua.

Dada, nilitaka kuandika pole na nimeifuta mara nne. Sitakuomba unisamehe, hilo lisikusumbue. Umebaki wewe peke yako unayeujua ule uzi na mkono wangu, na ndiyo maana nimekuandikia wewe. Mumeo alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mwambie, kabla ya tarehe ishirini ukiweza. Likitoka kwangu haliingii akilini mwake, na naogopa hata likitoka kwako litakuwa limechelewa, maana ile taa ameshaizoea.

Msalimie shangazi, mwambie tu kwamba nimeandika. Mimi nipo, utanikuta hapahapa.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa mjomba wa Chiriku.