Gari la Zimamoto Lililosimama Langoni kwa Babu

Kwa Bibi Odgers, nyuma ya kanisa,
Korrabyn, Victoria.
23 Januari.

Mpendwa dada Tamsin,

Kabla hujasikia kwa watu, sikia kwangu mwenyewe: moto uliokula milima yote kutoka kwetu hadi mtoni ulifika mbele yangu, ukanitazama toka unyayo hadi utosi, ukaona hapa pagumu, ukashika njia nyingine. Wapo wanaosema ni upepo uliogeuka. Waache waseme. Upepo nao uliniona.

Najua nimeanza vibaya, Mama angenizaba kofi: salamu kwanza. Haya, hujambo dada yangu? U mzima huko mgodini? Bado wanakupa lile lori lenye magurudumu makubwa kuliko nyumba, au wameshapata habari kwamba hata baiskeli ya Babu ulikuwa ukiipeleka mtaroni? Mimi ni mzima. Nyusi zimeungua zote mbili, nafanana na yai. Mama ni mzima ila amekuwa mtu wa kufagia. Tumepewa chumba kwa Bibi Odgers, na Mama anakifagia mchana kutwa, majivu yanarudi, anafagia tena. Mchuzi, mbwa wetu, amenenepa, maana kila mwenye huruma mjini anamtupia soseji. Laiti na mimi ningekuwa na mkia.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Unaniuliza jambo moja tu, kama ni kweli baba yako, baba mkubwa wangu, alimwacha babu yetu motoni na kwenda zake. Nitakujibu. Lakini niache kwanza niteme hasira, maana zimenijaa hadi kooni, na nikikujibu nazo karatasi hii itashika moto kabla ya kufika posta.

Nina hasira na wale wa mjini wanaotuhurumia. Wametuletea ukumbini maboksi ya nguo. Nikafungua moja nikakuta viatu vya kike vya visigino virefu na nguo ya kuogelea. Sijui nani kawaambia kwamba mtu akishaunguliwa nyumba anakwenda dansini. Mama alivijaribu vile viatu, akacheka, kisha akalia, kisha akanikasirikia mimi.

Nina hasira na yule mheshimiwa wa serikali aliyekuja na koti jipya la zimamoto, mkunjo wa pasi bado uko kifuani. Alituambia sisi ni watu wagumu na tutasimama tena. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, wakati wa baridi tulipoomba ruhusa ya kuchoma majani makavu ya msituni kidogo kidogo, kama wenyeji wa asili walivyofanya huku kabla ya sisi kuzaliwa, ni nani aliyetukatalia? Akasema hilo ni swali zuri. Dada, mtu akikuambia swali lako zuri, ujue jibu hana.

Lakini anayenichemsha hasa ni Dunstan Veitch. Unamkumbuka, yule wa shamba la ng'ombe kando ya daraja, mwenye shingo kama gunia. Siku ile alitangulia kukimbia kuliko watu wote. Tena alikuwa anavuta mashua yake ya kuvulia samaki nyuma ya gari, na njia ile ni nyembamba, akawachelewesha wenye watoto. Ng'ombe wake aliwaacha wamefungiwa. Kesho yake waliokuwa hai walikuwa wamesimama kwato zimetoka, hawawezi hata kulala chini. Veitch alisema mkono wake una maumivu, bunduki hawezi kuishika. Aliyeifanya kazi ile ni baba yako. Hakuwa amelala tangu moto uanze. Alikwenda na bunduki yake, akawamaliza mmoja mmoja, na kila mmoja alimshika shavu kwanza akamwambia neno. Mimi nilikuwa nabeba risasi. Sikusikia alikuwa akiwaambia nini, na sikutaka kusikia.

Sasa Veitch huyo huyo ndiye anayesimama baani na kusema Errol Pascoe ni mwoga, kamtupa baba yake mzazi. Na watu wanaitikia. Wanawake ambao baba yako aliwazimia moto jikoni wanavuka barabara wasikutane naye. Nilimwambia Veitch aje anieleze woga ni nini, yeye ndiye mtaalamu, mashua yake ilipona. Akaniita mtoto asiyemaliza shule. Nikamwambia shule sikuimaliza lakini angalau sikuikimbia na mashua. Tukashikana. Jino lililolegea ni la kwake. Hili la kwangu lilikuwa limelegea tangu zamani.

Haya, nimekunywa maji. Sikiliza ilivyokuwa.

Asubuhi ile upepo ulitoka kaskazini, mkavu, kama mtu amefungua mlango wa tanuri na kuusahau. Simu zote zikalia pamoja: ondokeni sasa. Mama akatangulia na gari dogo, na Mchuzi, na picha za ukutani. Mimi na Babu tungemfuata na pikapu. Babu alikubali. Nakuapia alikubali, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, kofia magotini. Mimi nikazunguka kufunga madirisha, nikafunga na ya jikoni, nikashuka hadi langoni, nikapanda tena. Niliporudi kiti kitupu. Mzee kaketi barazani na mpira wa maji.

Nikamwambia Babu, twende, mbona umeshuka.

"Nenda wewe," akasema. "Nyumba hii kila msumari nimeupiga mimi. Leo niiage kama abiria?"

"Misumari tutanunua mingine, Babu."

"Wewe hata kichwa cha msumari hukijui kiko upande gani. Pampu ina petroli kidogo. Katafute petroli, uache mdomo."

Ningembeba. Unajua nina nguvu, mimi ndiye niliyenyanyua injini ya trekta la Hartnett mbele ya mashahidi. Lakini nani amewahi kumbeba Babu Clem asikotaka kwenda? Nikaingia pikapu nikaondoka mbio. Petroli niliipata. Nikirudi, polisi wameshafunga njia pale kwenye njiapanda. Nikawaambia kuna mtu juu kule. Wakasema kila mtu anasema hivyo, zimamoto wapo. Nikajaribu kupita kwenye malisho ya akina Hartnett, ndipo nyusi zilipokwenda, na gurudumu likayeyuka, nikarudi kwa miguu nikikohoa kama mbuzi mzee. Hapo ndipo moto uliponitazama. Si kwamba uligeuka wote. Uligeuka ukaelekea kwa Babu.

Mengine ameyasema yeye mwenyewe. Pampu ilikata mafuta. Akakimbilia zizi kuwafungulia wale ndama wawili, komeo la chuma limeiva, akalishika kwa mikono mitupu, ndiyo hiyo mikono. Akiwa pale, katikati ya moshi, akaziona taa za gari la zimamoto barabarani. Gari likaja, likasimama langoni kabisa. Akalitambua, ni la kikosi cha mwanawe Errol. Akalikimbilia akipunga blanketi la sufu lililolowa, lakini unajua urefu wa njia ile toka nyumbani hadi lango, na kifua chake, na moshi ule hata mkono wako mwenyewe huuoni. Gari lilisimama kidogo. Halafu likaondoka, likapanda juu kwa Jocelyn Tregear na watoto wake. Akina Tregear wote wamepona, hata kasuku. Babu aliingia bwawa la ng'ombe hadi shingoni, akajifunika blanketi kichwani, akaisikia nyumba ikianguka.

Walimtoa watu wa kikosi cha bonde la pili. Sasa yuko hospitali Melbourne. Mikono itapona, wanasema. Kifua hakiponi. Juzi daktari alimwita Mama pembeni akamwambia mwenye neno na mzee asichelewe.

Na neno la Babu ni moja tu, anamwambia kila mtu, hadi anayeleta uji: "Mwanangu alisimama langoni, akatazama, akaenda zake." Baba yako aliendesha gari hadi huko, akakaa kwenye benchi la nje kofia mkononi. Muuguzi akatoka kumwambia mzee hataki. Akakaa tena. Muuguzi akatoka tena. Kisha akarudi nyumbani, njia yote ile, na hakuwa amemwona hata miguu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, dada. Nyumba ni mbao na mabati. Lakini mzee atakufa akiamini kwamba mwanawe mkubwa alimtazama akiungua.

Wakaita kikao ukumbini. Wakamuuliza baba yako mbele ya wote: ulisimama, kwa nini uliondoka? Ulimwona au hukumwona? Akasimama. Mikono nyuma, kama sisi tulivyokuwa tukisimama mbele ya mwalimu mkuu.

"Uamuzi ulikuwa wangu," akasema. "Kikosi hakina kosa. Mimi ndiye niliyesema twende."

Wakangoja aendelee. Akaweka ufunguo wa gari mezani, karibu na birika la chai, akatoka. Miaka yote ile ya ukuu wa kikosi, kila Krismasi ameiacha nyama mezani kwa ajili ya moto wa mtu mwingine, na hakuna aliyenyanyuka kumfungulia mlango. Nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili.

Kwa hiyo mtu ninayemkasirikia kuliko Veitch, kuliko mheshimiwa na koti lake, ni baba yako. Usinielewe vibaya. Tangu baba yangu ahamie kaskazini akasahau namba yetu ya simu, baba mkubwa Errol ndiye aliyenifundisha kunyoa ndevu nisizokuwa nazo, na kuendesha, na kukaa kimya mtu akiwa na huzuni, ingawa hilo la mwisho sikulishika. Ndiyo maana nakasirika. Nani alimwomba anyamaze? Anadhani anamfanyia mtu hisani? Kimya chake kinanifuata chooni, kinanifuata mezani. Juzi tulikutana dukani, akaniuliza tu kama nyusi zinaota. Nikamjibu vibaya. Akacheka kidogo, akanilipia maziwa. Nilitaka kumrushia yale maziwa.

Basi karatasi inakwisha. Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi za sufu hata kama kuna joto, usimbishie. Bibi Odgers anakusalimu ingawa anakuchanganya na mtu mwingine. Jocelyn Tregear anakusalimu. Yeye ndiye pekee anayempelekea baba yako chakula, anakiweka mlangoni na kuondoka. Nisalimie wenzako wa zamu, waambie una ndugu shujaa ambaye bado hajaoa. Mungu akulinde na mashimo ya huko, akurudishe ukiwa mzima, tena mapema. Njoo mapema, dada. Usingoje likizo.

Nilitaka nisaini hapa. Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa.

Hukuuliza kwa nini gari lilisimama langoni halafu likaondoka. Hakuna anayeuliza hivyo, wote wanauliza kwa nini liliondoka tu. Lilisimama kwa sababu kulikuwa na taulo jeupe limefungwa kwenye lango. Unajua maana yake, tumefundishwa pamoja kwenye ukumbi ule ule, tukila biskuti: wenye nyumba wameondoka wote, msipoteze maji hapa, nendeni kwa wengine. Baba yako aliliona, akalitii, akapanda kwa Jocelyn. Angefanya nini? Ndiye aliyetufundisha.

Jioni alishuka hadi kwenye kizuizi cha polisi, uso mweusi, macho tu. Nikamkimbilia nikamuuliza Babu yuko wapi.

"Si mmeondoka wote?" akasema. "Taulo liko langoni."

Mimi, mwenye mdomo huu, nikatazama viatu vyangu. Akanitazama. Nikaona anavyoelewa, pole pole, hadi mwisho. Akashika redio akawaita wale wa bonde la pili. Alipomaliza alinishika shingo, kwa nguvu, akaniambia, "Jory, hili ni langu. Usimwambie mtu, hata mama yako." Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikubali haraka kuliko nilivyowahi kukubali kitu chochote.

Kesho napanda basi la asubuhi kwenda kwa Babu. Nimekuandikia wewe kwanza, na barua naitia posta leo, ili hata nikifika mlangoni kwake miguu ikinigeuka, iwe imeshachelewa kugeuka. Mpigie simu baba yako. Usimwambie kitu, mwamkie tu.

Taulo lile nililifunga mimi, wakati Babu bado amekaa ndani ya pikapu. Na nilipopita pale peke yangu nikienda kutafuta petroli, upepo ulilirusha likapiga kioo cha dirisha langu. Nililiona, dada. Nikasema nitalifungua nikirudi.

Ndimi nduguyo, nitakayekupenda hata kama wewe utaacha,

Jory