Kijani cha Nailoni

Jumatano, Makere. Asubuhi ukungu, mchana jua kali, sasa jioni baridi imeingia na mimi situlii. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Leo kikundi chetu cha wafugaji kilikuja kwangu kuchagua rangi. Tuna mabwawa sita ya azola, yale majani madogo yanayoelea juu ya maji, ambayo tunawapa kuku badala ya kununua chakula cha dukani. Mwaka jana mvua ya mawe iliyatwanga yote, tukakubaliana kuyafunika kwa nailoni. Ikabaki swali: nailoni ya rangi gani?

Nilijitolea kujaribu. Mabeseni manne, maji yaleyale, samadi ileile, robo kilo ya azola kila moja. Moja nikalifunika kwa nailoni isiyo na rangi, mengine kwa nyekundu, ya buluu na ya kijani. Nikaweka sheria: hakuna kufunua mpaka siku ya kupima, mwanga usije ukachanganyika.

Sheria yangu mwenyewe ndiyo iliyoninyonga.

Mwenyekiti wetu ni Deo, mdogo wa mume wangu. Alizunguka mabeseni mikono nyuma, akainama juu ya lile la kijani, akawaita wenzake. "Njooni muone ilivyonawiri. Rangi ya majani ndiyo chakula cha majani. Shemeji Generoza, hilo nalo lilihitaji mabeseni manne?" Watu wakacheka. Mama Odilia, ambaye mbegu yake ya azola alikuja kuiomba kwangu, akaongeza kwamba mimi nimesomea kwenye simu, na simu yenyewe ina ufa.

Nilisema tupime kwanza. Walikuwa na haraka, wana maharage ya kuanika. Mikono ikanyooshwa, kijani ikapita. Kesho asubuhi Deo anakwenda Kasulu mjini kununua roli nzima.

Walipoondoka, nikafunua.

Azola ya beseni la kijani si ya kijani. Imepauka, ina manjano ya kitu kilichosahauliwa chini ya gunia. Kijani tulichokiona kilikuwa cha nailoni. Nimeweka mkono wangu chini yake, nao ukawa wa kijani.

Nikapima kwa mizani ya maharage. Isiyo na rangi: kilo moja na robo, ingawa juu imeshika wekundu wa jua. Ya nyekundu inakaribia kilo, imerefuka na kulegea. Ya buluu iko chini ya hapo kidogo, majani madogo yaliyoshikana. Ya kijani: gramu mia nne. Nikadhani labda nailoni yake ni nene. Nikaishika pamoja na zile nyingine, vidole havikuona tofauti.

Chuo sijakanyaga. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe: jani tunaliona la kijani kwa sababu mwanga wa rangi hiyo ndio linaoutumia kidogo, linaurudisha machoni petu. Kulifunika kwa kijani ni kumpakulia mtu tena chakula alichokwisha kukisukuma pembeni.

Kicheko chao nitakisahau. Kinachoniuma ni kiangazi. Mabwawa yakinyauka hakuna atakayesema ni nailoni ya Deo. Watasema azola ya Generoza imekufa. Na kuku wangu arobaini, niliowaachisha pumba kwa kuiamini hiyo azola, watakuwa wananitazama mimi.

Nimempigia Deo simu. "Shemeji, kikao kimeshaamua," akasema, sauti ya mtu mwenye ugali mdomoni. Nikamwomba apite tu hapa kesho kabla ya safari. Akasema kwa chai atapita, kwa darasa hapana.

Sawa. Chai itakuwepo. Nitaitenga nje uani, na mabeseni manne mbele ya kiti chake, hakuna hata moja lililofunikwa. Jua ndilo litakalomwonyesha.

Mungu, kesho ukungu usichelewe kuondoka.