Kwa Héritier, Aliyeulizwa Jina la Mkewe

Mwaka umetimia leo, Héritier, tangu utoke hapa nyumbani Bagira na viatu vya mpira begani, ukasema utarudi kabla sombe, kisamvu chetu, haijapoa. Sombe ilipoa. Kesho yake saa sita mchana daktari alitoka kwenye chumba ulimolazwa akiwa ameshika miwani yake mkononi, na mama yako, Maman Georgette, akajua kabla hajaambiwa neno.

Tungependa kukuandikia kwa upole mtupu, kama familia nyingine zinavyowaandikia watu wao. Upole tunao. Lakini mkeo Consolate ametukataza kudanganya. Mwaka huu amekulilia na amekukasirikia kwa kiasi kilekile, na anasema anayetaka kuandika machozi peke yake akaandike habari za mume mwingine.

Basi tuanze na mazuri, maana yalikuwa mengi. Ulikuwa fundi wa mbao, na penseli yako ilikaa nyuma ya sikio tangu Jumatatu hadi Jumapili. Uliwahi kwenda nayo kukomunika, padri akaitazama, akatabasamu, akakupa Mwili wa Kristo. Mtoto wa jirani alipofariki ulitengeneza sanduku lake usiombwe, ukalipiga msasa ndani na nje, na mzazi alipouliza unamdai nini ukajifanya hukusikia. Ukipiga randa ulipiga mluzi, na Fabiola na Ignace, wanao, walijua hasira zako kwa kusikia mluzi umekatika. Haukukatika mara nyingi.

Na ulikuwa beki wa kati wa Radi ya Bagira, timu yetu. Mpira wa juu ulikuwa wako. Vijana wakakuita Kichwa ya Chuma, wakaandika jina hilo kwa chokaa kwenye ukuta wa karakana yako. Ni Maman Georgette peke yake aliyechukia. "Mimi nilizala mutoto," alisema, "sikuzala nyundo." Tulimcheka. Tunaandika hapa kwamba tulimcheka, ili asomaye ajue sisi ni watu wa namna gani.

Mara ya kwanza kugongwa kichwa ilikuwa Walungu, katika mchezo wa kirafiki. Uligongana na golikipa, ukalala, ukainuka, ukamuuliza mwamuzi goli letu ni lipi. Jioni ulitusimulia mwenyewe, ukaigiza ulivyozungukazunguka, na Consolate akacheka hadi akashika ubavu. Kicheko hicho hajakisamehe mpaka leo.

Hapo ndipo lilipoanza swali la Papa Xavier. Msomaji asiyemjua Papa Xavier aambiwe kwamba ni mtengenezaji wa redio, mzee mwema, ambaye kwa miaka mingi ndiye mganga wa Radi. Dawa zake ni ndoo ya maji, sponji na kitunguu kilichokatwa cha kunusishwa. Mchezaji akigongwa kichwa, yeye huchuchumaa, humwagia maji, kisha huuliza swali moja. Ukijibu, unarudi uwanjani. Kila mchezaji alikuwa na swali lake, na lako lilikuwa hili:

"Jina ya bibi yako ni nani?"

"Consolate."

"Iko bien! Arudie!"

Ndivyo jina lake lilivyogeuzwa cheti cha daktari. Na hebu tuseme kweli, alilipenda jambo hilo. Sokoni, anakouza maharage, aliwaambia wenzake: "Huyu anaweza kusahau Baba Yetu, lakini mimi, aka, hawezi." Wanawake wakamwonea wivu. Waume zao hawakumbuki hata siku ya kuzaliwa ya mtoto, na wa kwake analitaja jina lake mbele ya uwanja mzima huku kichwa kinazunguka. Nani asingevimba kichwa?

Mara ya pili ilikuwa mazoezini, mvua inanyesha, kiwiko cha mwenzako kikakupata kwenye kipaji. Ulitapika mara mbili njiani. Ukafunga dirisha la karakana kwa sababu mwanga ulikuumiza, ukawa unamuuliza Ignace jambo moja mara tatu, na wiki hiyo ukatengeneza kitanda chenye mguu mmoja mfupi. Wewe, ambaye ulikuwa unapima mara mbili hata fito za banda la kuku! Mwenye kitanda alikikataa. Watoto wanakilalia mpaka sasa, tumekiwekea tofali.

Consolate alikupeleka kwa daktari akikushika mkono kama mtoto wa shule. Daktari aliandika "commotion", yaani ubongo umetikiswa ndani ya fuvu. Akaeleza polepole kwamba ukitikiswa tena kabla haujapona unaweza kuvimba na usirudi. Wiki sita bila mpira, akasema, na baada ya hapo aje nimwone tena kabla hajacheza. Consolate akaipigilia karatasi hiyo kwa msumari kwenye mlango wa karakana, uione ukiingia na ukitoka.

Ulikaa siku tisa. Siku ya kumi alikukuta unafunga kamba za viatu.

"Héritier, docteur alisema wiki sita."

"Docteur hajue mpira."

"Na weye haujue tena kitanda! Ona mguu ya ile kitanda!"

"Consolate, fundi akijikata kidole, anaachaka mbao?"

"Vidole ziko kumi. Kichwa uko nayo ngapi?"

Ulicheka, ukambusu kwenye paji la uso, ukaenda. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wako, Héritier. Ukishindwa hoja ulicheka, na ukicheka watu walikuacha ufanye upendavyo. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako lilikuwa na penseli juu yake.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa fainali, na mlicheza na timu ya Luhwindja, vijana wa machimboni, mabega kama milango. Dakika ya sitini mliruka wawili, wewe na mshambuliaji wao, na mlio wa vichwa ukasikika hadi barabarani. Mshambuliaji alitolewa nje. Wewe ulilala. Papa Xavier akaja na ndoo, na Jean-de-Dieu, rafiki yako tangu katekisimu, akapiga magoti karibu na kichwa chako. Tuliona midomo yako ikicheza. Papa Xavier akainua mkono.

"Alisema Consolate!" Jean-de-Dieu akapaza sauti kuelekea kwetu. "Iko bien!"

Consolate akapiga makofi. Alipiga makofi, Héritier. Ukainuka, ukarudi mchezoni, na dakika saba baadaye ukakaa chini peke yako katikati ya uwanja, kama mtu aliyechoka, ukajinyoosha, na hukufumbua macho tena.

Mwaka mzima ameishi kwa neno hilo moja. Kwa padri, kwa wakwe, kwa kila aliyekuja kutoa pole, alisema: "Alikufa na jina yangu mudomoni." Lilimuuma na lilimshika mkono.

Sasa tukueleze habari za mdogo wako Thierry, maana ndizo zimetunyima usingizi. Alichukua nafasi yako. Beki wa kati, mipira ya juu, na chokaa ikapita tena ukutani: Kichwa ya Chuma Deuxième, yaani wa pili. Ungedhani baada yako watu wangejifunza. Mwezi wa tatu aligongwa, akakaa wiki akisema masikio yanalia. Consolate akamkanya, Maman Georgette akapiga magoti mbele yake, mama mtu mzima mbele ya mtoto aliyemzaa. Naye akajibu kwa adabu, hilo hatumnyimi: "Maman, hapa kazi hakuna, masomo ilikatika. Mpira njo kitu moja yenye batu banaitia jina yangu. Muniachie nayo." Kocha naye akaongeza lake, kwamba kumuweka benchi kijana mwenye moyo ni kumuua. Tulitamani kumpiga picha kocha huyo kando ya kaburi lako.

Kisha Radi wakatangaza mchezo wa kumbukumbu yako, uchezwe leo hii, baada ya Misa, na Thierry avae jezi yako namba nne.

Mwezi uliopita wakaomba jezi hiyo waitazame. Consolate alikuwa ameapa kutokanyaga tena uwanja ule, lakini hakutaka kuituma kwa mtu. Akaenda nayo mwenyewe, amevaa nguo zake nyeusi, akakuta mchezo unaendelea. Na kana kwamba Shetani alikuwa anamsubiri afike, Thierry akaruka, akagongwa, akaanguka. Ndoo. Sponji. Kitunguu. Jean-de-Dieu amepiga magoti. Thierry hana mke, kwa hiyo Papa Xavier akatunga swali lingine:

"Grand frère yako mwenye alikufaka, jina yake nani?"

Jean-de-Dieu akainama karibu zaidi. Kisha: "Héritier."

"Iko bien! Arudie!"

Consolate akaingia uwanjani na kandambili. Mwamuzi anapuliza filimbi, yeye anatembea. Watu wakacheka, mmoja akapaza sauti kwamba Radi wamemwingiza mchezaji wa akiba.

"Papa Xavier," akasema, "na miye uniulize. Uniulize jina ya batu bote benye ulirudisha kwa mpira. Ulimuulizaka bwana yangu jina yangu, akajibu, akakufa! Jina yangu iliponyesha nani? Hii ndoo yako iliponyesha nani?"

"Lakini Maman Consolate, mutoto amejibu..."

"Hata kasuku inajibu!"

Akamshika Thierry mkono, akamtoa nje mbele ya wote. Kijana alidhalilika. Majuma matatu hakumsalimia shemeji yake, na alipopita karakana aligeuza uso. Sisi nasi tukagawanyika. Wajomba wakasema mjane hana ruhusa ya kuingia uwanjani na nguo za kilio, mkosi utawapata watoto. Hasira zilitupanda. Mkosi gani zaidi ya huu uliokwisha kutupata?

Jumamosi iliyopita tulikutana kumaliza kilio. Consolate alivua nyeusi, akavaa kitenge cha kijani ulichomnunulia Fabiola alipozaliwa. Vitu vyako vikagawiwa, kama desturi ilivyo: randa kwa Ignace hapo atakapokua, koti kwa mjomba, na jezi namba nne, mjomba akatangaza, kwa Thierry, aivae Jumapili. Watu wakapiga makofi. Thierry akaipokea, akasimama nayo, hakuketi.

"Sitaivaa," akasema. Kisha akamgeukia Consolate, mara ya kwanza kwa siku ishirini na moja. "Ile siku, jina ya grand frère, miye sikuijua. Nilijua kama kuko mutu ninamupenda, lakini jina ilipotea. Jean-de-Dieu alinisemea mu sikio. Nikarudilia tu."

Jean-de-Dieu alikuwa pale pembeni na sahani ya foufou magotini. Akaiweka chini.

Consolate akamgeukia. "Na ile siku ya batu ba Luhwindja?"

Jean-de-Dieu akaanza kulia kabla ya kusema. "Nilimuambia, Maman Consolate. Mara mbili. Ya kwanza hakusikia. Tulikuwa tunabebana vile siku zote, ili mutu asitolewe. Nilizani ninamusaidia."

Consolate akainuka, akaenda uani, na kwa muda wa nusu saa tukamsikia anasugua sufuria zilizokuwa safi. Tuliogopa kumfuata. Tulijua kinachotoka mikononi mwake: neno lile alilolishika mwaka mzima, ambalo sasa halikuwa lako tena bali la Jean-de-Dieu.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Basi hakunisahau kwa kupenda," akasema. "Ni kichwa ilimunyanganya jina yangu. Na tuliona kichwa inanyanganywa, tukapiga makofi. Miye wa kwanza."

Kisha akamwambia Thierry akae, ale.

Kwa hiyo leo, baada ya Misa ya asubuhi parokiani Bagira, mchezo wako utachezwa, na namba nne haitakuwa uwanjani. Thierry atakaa kando, na Jumatano ijayo Consolate anampeleka kwa daktari yuleyule. Kijana hajaapa kuacha mpira. Amenuna, kwa kweli, na anasema tumemwonea. Anune. Mwenye kununa yuko hai. Papa Xavier naye amepigwa marufuku kuuliza maswali: atakayegongwa kichwa atatoka, hata kama anajua majina ya mitume kumi na wawili na ya wake zao, na hatarudi bila karatasi ya daktari. Amelalamika kwamba hivyo timu itabaki na wachezaji saba. Tumemjibu kwamba saba wanatosha kurudi nyumbani kula sombe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Consolate, wanao Fabiola na Ignace, mama yako Georgette, mdogo wako Thierry, wajomba na shangazi wa Bagira na Walungu, na mafundi wenzako. Jean-de-Dieu ameomba jina lake liandikwe. Consolate amefikiri siku mbili, akasema liandikwe, lakini la mwisho.

Na jambo moja dogo. Tangu Jumamosi, Fabiola amejizoesha mchezo wa kumuuliza mama yake kila asubuhi anaposukwa nywele: "Maman, jina ya bwana yako ni nani?" Siku ya kwanza tulitaka kumnyamazisha. Consolate akatukataza. Anaweka kitana chini, anajibu, kisha anaendelea kusuka.

Héritier, anasema. Na hakuna anayemnong'oneza.