Tumeng'oa Mlango wa Chumba cha Saladi

Jumanne jioni, Issenye. Upepo umevuma kutwa nzima, wa baridi na wenye vumbi, nao unatoka kwetu kwenda porini. Siupendi upepo wa namna hii hata siku nikiwa na amani, na leo sina.

Mikono yangu bado inanuka kimea. Naandika kwa simu, nimekaa mlangoni mwa jiko, mahali ambapo naweza kumwona mama mkwe wangu. Tangu jana sitaki atoke machoni pangu. Nimemfuata hadi njia ya chooni, na ameshaanza kunichoka.

Naogopa. Niliseme tu hivyo, halafu nieleze.

Wanaonisoma siku zote wanakijua chumba changu cha saladi. Kwa mgeni ni hivi: kwetu ukipanda mboga nje, unawapandia tembo. Niliwahi kuamka nikakuta bustani yote imekuwa nyayo. Ndipo nikahamia ndani. Nyuma ya nyumba ipo stoo ya matofali ambayo marehemu baba mkwe aliichimba sakafu ikashuka chini, ili nafaka ipate ubaridi. Unaingia kwa kushuka vidaraja vya ngazi. Nikaweka rafu, trei za udongo na taa za mimea zinazotumia sola, nikaanza kuotesha saladi, mnanaa na kotimiri. Kambi za watalii zinanunua, na tembo hawana ufunguo.

Kisha nikasoma mtandaoni kwamba mimea ya ndani huishiwa na hewa ukaa, ile ile tunayoitoa sisi puani. Huko ng'ambo wenye bustani za ndani huiongeza makusudi, wengine kwa mitungi ya gesi, wengine kwa chupa ya maji, sukari na hamira. Sukari ikichacha hutoa hewa hiyo, majani yanaila, yananenepa. Nikajaribu na chupa, nikaona tofauti. Halafu nikajicheka. Mtu anayeishi na mama mkwe mpika pombe anahangaika na chupa ya nini?

Mama anaitwa Bhoke. Ni mzaliwa wa Susuni, kule Tarime, akahamia huku na mumewe na ng'ombe wao zamani. Pombe yake ya ulezi inajulikana. Mwaka huu ulezi wake umekomaa vizuri na tembo wameanza kuuonja pembeni, kwa hiyo ameita risaga, ndivyo Wakurya wanavyoiita kazi ya kusaidiana. Majirani wanakuja na visu vyao alfajiri, wanavuna shamba lote, na mwenye shamba anawanywesha. Walipangiwa Ijumaa. Pombe ikiwa mbovu, mwakani utavuna peke yako, wewe na tembo.

Mimi ndiye niliyemwomba aweke mapipa yake chumbani kwangu. Nilimwambia pombe itapata joto la taa na saladi zitapata hewa. Kulikuwa na jambo jingine nililojivunia zaidi, nalo ni harufu. Tembo hunusa pombe inayochacha kutoka mbali sana. Kwa jirani yetu walibomoa ukuta wakala mahindi na kunywa kila kilichokuwemo, watoto wamejikunyata chini ya kitanda. Kwa hiyo nilikiziba chumba. Nailoni kuta zote na dari. Nyufa, udongo wa kichuguu. Mlango nikauzungushia mpira wa tairi la baiskeli ukabana kama kifuniko cha chupa.

Saladi zikawa na majani mapana, ya kijani kizito. Nilizipiga picha nikaziweka hapa, mkazisifu sana.

Naomba msizisifu tena.

Mama ana namna yake ya kuangalia pombe: haiangalii, anaisikiliza. Anaketi kwenye kigoda kifupi, anainama, sikio karibu na tumbo la pipa, anatulia hapo muda mrefu. Inapochemka kwa haraka anajua bado. Ikianza kutoa povu moja moja anajua imekaribia. Alikuwa akiacha mlango wazi apate mwanga wa jua, na mimi nikawa namsema. Mama, funga mlango, hewa inatoka. Mama, harufu hiyo inakwenda porini. Siku moja nilipandisha sauti. Akaniambia, "Haya, mwanangu," na tangu hapo akawa anaingia na kuuvuta nyuma yake mpaka ubane.

Nilimkaripia mama wa watu mpaka akajifungia mwenyewe.

Jana mchana nilikwenda barabarani kumkabidhi kijana wa bodaboda mzigo wa kambini. Niliporudi jiko lilikuwa kimya na kigoda hakipo. Nikaita. Nikaita tena kwa sauti ya kujichekesha, maana mwili ulikuwa umeshajua. Mlango wa chumba ulikuwa umebana, nikauvuta kwa mikono miwili.

Taa zilikuwa zinawaka. Saladi zinang'aa. Mama amelala sakafuni kwa ubavu, shuka begani, kichwa kando ya pipa, kama mtu aliyejipumzisha kidogo.

Nilishuka nikainama. Hewa ilinichoma puani kama soda inapokupanda, moyo ukaanza kukimbia. Kichwani mwangu likaja wazo la upole kabisa: keti kidogo kwanza, upumzike, halafu utamwinua. Sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoliogopa wazo lile. Halikuwa na vitisho vyovyote. Lilikuwa na sauti yangu mwenyewe.

Sikuketi. Mpaka sasa sijui kwa nini sikuketi.

Nilimshika kwapani nikamburuta, vidaraja vikamchubua kisigino, tukaangukia uani wote wawili. Alikuwa wa kijivu midomoni. Kisha akavuta pumzi kwa kelele, akatapika, akavuta tena. Alipofumbua macho aliniuliza kama bodaboda alikuja. Nikalia mbele ya kuku.

Kwenye zahanati walimpima presha, wakauliza amekula nini. Mama akajibu ni njaa, alikuwa hajala tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, najua, na sikufungua mdomo. Tuliporudi, jirani alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, kwamba ulezi mzuri una macho mengi. Na mimi kwa muda mfupi nilitamani iwe hivyo. Ingekuwa mkono wa mtu, usingekuwa wangu.

Niliyemwambia ukweli jana ni mume wangu peke yake, Mwita, ambaye yuko Kemambo kwenye machimbo ya dhahabu. Akasema, "Weka mshumaa kwenye ndoo, uushushe humo kwa kamba. Ukizimika, usishuke. Na mama asiingie tena, unanisikia?" Mwita hapandishi sauti kamwe. Jana aliipandisha.

Leo asubuhi nilimkuta Mama amebeba kigoda chake, anaelekea kule kule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe. Hiyo pombe iko peke yake toka jana."

Nikasimama njiani. Nikamwambia hakuzimia kwa njaa. Nikamwambia pombe inapochacha inatoa hewa nzito inayokaa chini, na chumba nimekiziba, haina pa kutokea. Nilisema kwa kuruka ruka, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Wewe mama Robhi," akasema, "mimi nimepika pombe toka niko msichana kule Susuni. Hakuna mtu alikufa kwa kuisikiliza. Wanakufa wale wa kunywa."

Na alikuwa anasema kweli. Alipika maisha yake yote kwenye nyumba za nyasi, zenye matundu ambayo kuku wanapita. Pombe yake haikubadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeijengea chumba kisichopumua.

Nikawasha mshumaa. Jana baada ya kumtoa niliurudishia mlango kwa mguu bila kufikiri, mazoea tu, kwa hiyo chumba kilikuwa kimefungwa tangu wakati ule. Niliufungua, nikasimama nje, nikaushusha mshumaa ndani ya ndoo, polepole. Juu uliwaka vizuri. Usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama sakafuni mle, mwali ukapungua. Chini kidogo ya hapo ukazimika, bila kupepesuka, kama umebanwa kwa vidole.

"Upepo huo," Mama akasema.

Nikawasha tena. Ukazimika pale pale.

Safari iliyofuata akaninyang'anya kamba. Aliwasha mwenyewe, akasogea kukinga upepo kwa shuka lake, akashusha kwa uangalifu wa mtu anayeteka maji kisimani. Mwali ukafa. Aliuvuta ule mshumaa juu, akautazama utambi, akatazama sakafu, pale penye alama ya kisigino chake.

"Jana nililala hapo," akasema.

Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine. Binti yangu Robhi ana miaka sita. Nimekuwa nikimtuma humo kuchuma kotimiri ya mchuzi.

Kichwa chake kinafika pale mshumaa ulipozimikia.

Nilimwomba Mama msamaha hapo hapo uani, kwa kupiga goti. Nilisema yote, kwamba nilimfokea afunge mlango kwa ajili ya majani. Aliniacha nimepiga goti muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akasema, "Inuka. Na ndovu je?"

Hilo ndilo swali la kutwa nzima. Chumba kikifungwa kinaua. Kikifunguliwa, harufu inatoka, na upepo wa leo unaipeleka moja kwa moja porini. Nilipendekeza tumwage pombe yote. Mama alinitazama kama nimependekeza tumwage maziwa ya mtoto. Bila pombe hakuna wavunaji, bila wavunaji ulezi ni wa tembo, na ulezi ule ndio uji wetu na ugali wetu mpaka mvua zijazo.

Akaamua yeye. Ametuma ujumbe kwa majirani waje kesho alfajiri badala ya Ijumaa, ili pombe ikae nje usiku mmoja tu. Pombe bado changa. Itakuwa na utamu utamu usiotakiwa, na wazee watakunywa wakitazamana. "Watanicheka mpaka Tarime," alisema, na nikaona kwamba limemuuma kweli, pengine kuliko kisigino. Jina lake la upishi amelitoa sadaka ili mimi na mtoto tusiingie tena mle.

Kisha tukaleta nyundo. Tuling'oa mlango na bawaba zake. Nailoni nikaivuta kutoka nje kwa jembe, ikachanika vipande vipande. Lakini sakafu iko chini na hewa ile haina haraka, imetulia tu pale. Mama akaenda kuchukua ungo, mimi nikachukua mwingine, tukasimama juu ya vidaraja tukapepea mle ndani kama tunapeta ulezi. Jirani alipita akatuona wanawake wawili tunapeta hewa tupu, akaharakisha. Tulipepea mpaka mabega yakafa ganzi, tunashusha mshumaa, tunapepea tena, hadi ukawaka mpaka sakafuni. Ndipo nikashuka, Mama akinishikia kamba niliyojifunga kiunoni, nikaitoa pombe ndoo kwa ndoo, mwishowe na mapipa yenyewe.

Saladi zimepigwa na baridi na vumbi, zimelala. Sikuzitazama mara mbili.

Sasa mapipa yako uani, yamefunikwa kwa turubai, na turubai halizuii harufu. Hata mimi nainusa kutoka hapa. Jua linazama. Tumepanga matofali ya kinyesi na pilipili upande wa porini na kuyawasha; tembo hawaupendi moshi wake, na sisi unatutoa machozi. Majirani wa zamu ya tembo wana tochi na mabati ya kugonga. Mwita amepiga simu tena na tena. Mara ya mwisho alitaka tu nisikate.

Sijui kama nimefanya vyema. Nimeitoa hatari moja ndani nikaileta nyingine uani, ya tani kadhaa, yenye meno marefu. Mama amekaa kando ya mapipa, kigoda chake kimetazama porini. Nimempelekea chai, nikamuuliza kama haogopi.

"Ndovu anavunja miti akija," amesema. "Huyo tutamsikia."

Robhi amelala mapema. Nimeshaingia kumtazama mara nyingi zaidi ya inavyohitajika, na kila nikiingia nainama mpaka usawa wa mto wake, navuta hewa ya pale mimi kwanza. Dirisha lake nimeliacha wazi kabisa.